Ejari imeandikwa biashara, viza ya mke imekataliwa

Wapendwa, salamu. Nimepanga Dubai Marina, kwenye mnara wenye maduka chini, ofisi katikati na makazi juu. Leo viza ya mke imekataliwa. Kwenye Ejari, ule usajili wa mkataba wa pango hapa Dubai, penye matumizi, dalali aliweka alama ya biashara. Mke ameshaacha kazi, watoto wameshaaga shuleni. Je, Ejari inasahihishwa, au inafutwa tuanze upya?
Wa Ghorofa ya 31

Pole sana kaka. Mimi nilipohamia walinzi walininyima lifti ya mizigo, eti sina kibali cha ofisi ya jengo. Magodoro yalishinda nje na jua la Julai. Hakikisha umelipa amana ya DEWA, shirika la umeme na maji, dirham 2,000 kwa fleti, na uulizie chila, yaani ubaridi wa jengo, majengo mengi bili yake iko kando na ya umeme.
Mama Watatu

Dada, hakuuliza DEWA. Kaka, tazama risiti zako za pango. Pango la biashara lina VAT ya 5%, la makazi halina. Kama hukutozwa, nenda nayo hiyo risiti, inaonyesha mwenye nyumba alikupangisha makazi.
Mhasibu, Deira

Nimejibu kwa nia njema, Mhasibu. Na wenye nyumba wa minara hii tuwaogope. Wangu alinipa notisi ya siku 90 nihame, anauza.
Mama Watatu

Hapana, dada, hapo ulionewa. Siku 90 ni za kubadili masharti mkataba unapohuishwa. Kukutoa kwa sababu anauza ni miezi 12, kwa notari au barua iliyosajiliwa. Sheria Na. 26 ya 2007, ilirekebishwa 2008.
Abuu

Sikujua, Abuu. Nilihama nalia. Mwaka wa sita huu naishi juu ya bahari na sijaisikia, madirisha hayafunguki. Jirani wa mlango wa pili simjui jina. Kwetu ningekuwa nimeshambebea futari.
Mama Watatu

Tuko wengi, dada. Mimi hufungulia redio ya nyumbani usiku ili nipate usingizi.
Abuu

Asanteni nyote. Risiti haina VAT, kesho asubuhi nakwenda nayo. Ila aliyewahi kubadilishiwa matumizi kwenye Ejari aniambie, tafadhali: walisahihisha au walifuta?
Wa Ghorofa ya 31