Kamera ya ndoto yangu ilishatengenezwa vipande vipande. Kwa nini hakuna anayetaka kuviunganisha?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Kila ukitaja DSLR (kamera ya kioo ndani, kinachopeleka mwanga wa lenzi kwenye kitundu cha kuchungulia) ya fulu fremu, yaani yenye sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24, siku hizi unaambiwa teknolojia hiyo imefika mwisho, nunua isiyo na kioo unyamaze. Haijafika mwisho. Imetelekezwa njiani! Nina daftari ninalochoramo kamera ninayoitaka, nimeanza miaka mingi. Wiki hii nimelipitia ukurasa kwa ukurasa, nikapata uchungu: karibu kila nilichochora kilishawahi kuuzwa, ila kila kimoja kiko kwenye kamera yake.

Sensa, kile kibao kinachonasa picha, inayotulia yenyewe mkono ukitetemeka? Pentax K-1 ilikuwa nayo tangu 2016. Hiyo hiyo ina vitaa juu ya mlango wa lenzi, nyuma ya skrini na kwenye tundu la kadi, ubadilishe lenzi gizani bila kung'ata tochi kwa meno. Canon na Nikon hawakuweka utulivu huo kwenye DSLR yao hata moja, mpaka zile za mwisho za 2020. Vitufe vinavyowaka, megapikseli 45.7, betri ya picha 1,840 kwa chaji moja: Nikon D850 ya 2017. Fokasi ya haraka unapopiga kwa kutazama skrini: Canon 5D Mark IV inayo tangu 2016, lakini D850 iliyokuja mwaka mmoja baadaye inapapasa mbele na nyuma. Nikon wakaja kuiweka kwenye D780 mwaka 2020, halafu D780 hiyo wakainyima kile kijiti cha kuhamishia nukta ya fokasi, yaani sehemu ya fremu ambapo kamera inalenga ukali wa picha. Mnatoa hiki mnachukua kile, kwa nini?

Sasa jambo linaloniumiza kuliko yote: nukta za fokasi zilizosongamana katikati.

Nilimpiga bibi mmoja picha kwa lenzi ya f/1.4, iliyofunguka sana hadi sehemu inayotoka kali ni nyembamba mno. Jicho lake lilikuwa juu pembeni mwa fremu, nukta ya mwisho haifiki. Nikafanya tunavyofanya wote: fokasi kwa nukta ya katikati, shikilia, sogeza kamera, piga. Nilipoikuza picha kwenye kompyuta, hereni yake ilikuwa kali hadi mikwaruzo inahesabika. Jicho ni ukungu. Picha nzuri kuliko zote za siku ile, na haifai.

Msiniambie haiwezekani. Mtambo wa fokasi wa nukta 153 ulio ndani ya D850 ndio uliomo ndani ya D500, yenye sensa ndogo. Kwenye D500 nukta zinafika karibu ukingoni kushoto na kulia, kwenye fulu fremu mtambo ule ule unaishia katikati. Maana yake ni kwamba sensa ilikua, mtambo haukukua nayo. Kamera ya kwenye daftari langu ina kioo kidogo, kile kilichojificha nyuma ya kioo kikubwa na kushusha mwanga chini kwenye mtambo wa fokasi, kilichopanuliwa, na mtambo uliosukwa kwa ajili ya milimita 36 kwa 24.

Na ile adha ya lenzi kufokasi mbele au nyuma ya kitu, hadi uipeleke kwa fundi ukae siku kadhaa bila kazi? D5 na D500 tangu 2016 zinaweza kujipima zenyewe, ukibonyeza vitufe na kuweka kamera kwenye tripodi. Mimi nataka zaidi. Sensa ya D780 ina pikseli za kupima fokasi. Basi kila picha ikipigwa, pikseli hizo ziseme kama imeangukia mbele au nyuma, kamera ikumbuke kwa kila lenzi na kila umbali. Baada ya harusi moja lenzi inakuwa imenyooka yenyewe.

Kitu kingine, haraka: kipima mwanga cha D850 kina pikseli zipatazo 180,000 na kinatazama kile kile ninachochungulia. Kinaona gauni jeupe linaungua, yaani mwanga umezidi hadi nakshi zake zinapotea, kabla sijabonyeza. Nipeni alama moja tu nyekundu kwenye kitundu cha kuchungulia!

Mwaka 2021 mkuu wa Canon alisema EOS-1D X Mark III ndiyo itakuwa DSLR yao ya mwisho ya daraja la juu. Wamemzika mgonjwa akiwa bado anapumua. Nataka kuchungulia mwanga wenyewe uliopita kwenye lenzi, kamera ikiwa imezimwa hata, siyo runinga ndogo inayokula betri.

Mafundi mliowahi kufungua boksi la kioo, nawaomba hapa: kati ya kioo kikubwa na shata (pazia linalofunguka mbele ya sensa picha inapopigwa), nafasi ya kukunja kioo cha pili kipana ipo au haipo? Kama haipo, nionyesheni kinagonga wapi. Nitachora upya.