Gereji iliyonitolea valvu ya klachi Arusha imenitilia mafuta ya usukani kwenye breki

Ndugu madereva na mafundi wa Arusha na Moshi, naandika nikiwa na hasira, na hasira yenyewe haitokani na fedha nilizopoteza pekee. Inatokana na mteremko wa kutoka Marangu kushuka Himo, ambako nilimbeba mama yangu mzazi katika gari ambalo mtu anayejiita fundi alikuwa amekwisha kuliharibu breki, akapokea shilingi 280,000 na kunitakia safari njema.

Gari langu ni BMW E46 ya mwaka 2003, manyuo (ya gia za mkono), iliyotoka Uingereza. Wenye magari haya wanaijua kero yake: ukibadilisha gia haraka, hasa kutoka ya kwanza kwenda ya pili, unaachia pedeli lakini klachi inachelewa kushika, injini inanguruma bila gari kuvuta, halafu gari linashtuka. Sababu ni valvu ndogo iliyofungwa kwenye njia ya mafuta ya klachi. Unapokanyaga pedeli, mafuta hupita kwa uhuru kwenda silinda ya chini, ile inayosukuma klachi. Unapoachia, yanalazimika kurudi kupitia tundu dogo mno, hivyo hata ukiutoa mguu ghafla klachi hushika taratibu. Iliwekwa ili kuikinga difu na shafti, zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, dhidi ya kishindo cha dereva anayeachia klachi kwa pupa. Aliyezoea manyuo anaweza kuishi bila hiyo valvu, na kuiondoa si uchawi: unafungua paipu, unaitoa, unaunganisha tena, unajaza mafuta mapya na kutoa upepo.

Hilo tu ndilo nililoagiza. Sikuomba giaboksi iguswe, kwa sababu wepesi wa gia yenyewe kuingia unategemea sinkroni zilizomo ndani yake, yaani pete zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, na valvu hii haihusiki na hilo. Fundi alinionyesha valvu aliyoitoa, kijichuma kilicholazwa juu ya kipande cha boksi, chenye tundu ambalo kijiti cha kiberiti kisingepita. Nakiri kwamba kwa wiki mbili gari lilikuwa tamu kuendesha. Klachi ilifuata mguu wangu sawasawa, na kwenye foleni za Sakina sikushtuka tena.

Kisha pedeli ikaanza kuwa nzito kurudi. Nilidhani ni upepo uliobaki kwenye paipu, nikapanga kurudi gereji wiki inayofuata. Kabla ya hapo tukapata msiba Marangu. Siku ya kurudi, tukiwa tunateremka, nilikanyaga klachi ili nishuke gia ya pili, na pedeli ikabaki chini. Niliinyanyua kwa ncha ya kiatu. Mama, aliyekaa mbele kushoto, akaniuliza, "Mwanangu, mbona kuna harufu ya kuungua?" Harufu ilikuwa ya breki za mbele, ambazo zilikuwa zimeshika zenyewe na hazikutaka kuachia. Nilisimama pembeni, nikasogeza kiganja karibu na rimu, nikakirudisha upesi kwa joto lililokuwa linatoka pale.

Gari lilifika Moshi likivutwa. Fundi mwingine, mzee mtulivu wa Majengo, alifungua kikopo cha mafuta ya breki akakuta raba ya kifuniko imevimba kiasi cha kukataa kurudi mahali pake. Alivuta mafuta kwa bomba la sindano, akayamimina katika chupa ya maji ya nusu lita, akaisimamisha juu ya benchi, tukasubiri. Baada ya muda yalijitenga mbele ya macho yangu: chini rangi ya manjano hafifu, juu yake wekundu wa mafuta ya usukani.

Naomba kila mwenye gari la namna hii alielewe jambo hili. E46 haina kikopo cha klachi peke yake. Klachi inachota mafuta kutoka kikopo kile kile cha breki, kwa mpira uliochomekwa ubavuni, na kifuniko chake kimeandikwa DOT 4, yaani aina ya mafuta ya breki inayotakiwa humo, kwa herufi ambazo hata mimi nisiye fundi nilizisoma. DOT 4 na mafuta ya usukani havichanganyiki, na raba za silinda za breki zimetengenezwa kwa ajili ya DOT 4. Zikiguswa na mafuta yenye asili ya petroli, kama hayo ya usukani, huvimba, hulegea na kuziba njia ambazo mafuta yangepaswa kurudia. Mekundu yale yalielea juu, usawa wa ule mpira wa klachi, ndiyo maana klachi ilikufa kwanza na breki zikafuata.

Nilipompigia simu yule wa Arusha, alinijibu, "Kaka, haidroliki ni haidroliki, na ukitaka gia ziwe nyepesi lazima oili iwe nyepesi." Jibu hilo liliniudhi kuliko uharibifu wenyewe. Kilichokuwa kinachelewesha klachi ni tundu la valvu, ambayo alikwisha kuitoa kwa mkono wake! Sasa nabadilisha masta silinda (zile zinazosukumwa na pedeli) ya breki na ya klachi, silinda ya chini, mipira yote na raba za kalipa zinazobana diski za breki, na pampu ya ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu kujifunga, haijulikani kama itapona.

Jina la gereji silitaji, kwa kuwa nimewapelekea barua ya madai na nimewapa siku 14. Nataka gharama yote ya matengenezo. Wewe uliyefanyiwa kazi ya klachi Arusha miezi hii, kwa kutangaziwa kwamba gia zitaingia haraka, fungua boneti leo kabla hujawasha gari, mulika ndani ya kikopo cha breki kwa tochi na ukague raba ya kifuniko. Ukiona wekundu, usilitoe gari hapo lilipo, na usikubali mtu akudanganye kwamba yatosha kumwaga na kujaza mengine. Chupa yangu ninayo bado, nimeifunga kwa utepe na kuandika tarehe.