Tupeane uzoefu: jaribio gani la sayansi la nyumbani halijakutoka kichwani tangu utotoni?

#1 (mleta mada)
Wadau, habari za muda huu. Wanangu wamefika umri wa kuuliza "kwa nini" kutwa nzima, nami nimeanza kuwafanyia majaribio yale yale tuliyofanyiwa sisi. Naomba tupeane uzoefu: ulifanya jaribio gani nyumbani, nani alikuonyesha, na lilikuachia nini? Tafadhali msiishie kutaja jina lake, elezeni hatua ili mwingine aweze kulirudia.

Naanza mimi. Yai bichi ndani ya siki. Mama aliliweka yai zima kwenye glasi, akamimina siki hadi likafunikwa, kisha akatuuliza: "Kesho mtakuta nini?" Kila mmoja akasema lake, naye hakumsahihisha yeyote. Papo hapo ganda likajaa viputo vidogo vidogo. Kesho yake alibadilisha siki, na siku iliyofuata akalisugua taratibu kwa vidole chini ya maji. Ganda lote likatoka, likabaki yai laini lililoshikwa na utando tu. Ukilimulika kwa tochi unakiona kiini kinavyohama ndani.

Ganda la yai ni kalisiamu kaboneti. Asidi ya siki huliyeyusha na kutoa kabonidayoksaidi, ndivyo vile viputo. Halafu raha ikaendelea: tukaliweka kwenye maji matupu, likavimba, tukalihamishia kwenye maji mazito ya sukari, likasinyaa, kwa sababu utando ule hupitisha maji na kuzuia sukari.

Lakini mimi naamini kilichotuamsha alfajiri kukimbilia ile glasi ni lile swali la mwanzo. Mtoto akishakisia, ana jambo lake analolisubiri. Asipokisia, anatazama tu halafu anaenda kucheza.

#2
Asante kwa mada, mkuu. Kwangu ni maharage. Wengi huyaweka kwenye pamba na kumwagilia, basi. Babu yangu alitupangia tofauti: chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ndani tishu zenye unyevu zilizojazwa hadi zikabana, na harage limewekwa kati ya tishu na kioo ili tulione lote. Kilichotangulia kutoka ni mzizi, si majani kama tulivyodhani wote. Ulielekea chini, mweupe, ukiwa na vinyweleo vyembamba ambavyo ukisogeza jicho karibu na kioo unavihesabu.

Mzizi ulipokuwa mrefu kiasi, babu akailaza chupa ubavu. Akasema tusiiguse. Baada ya muda ncha ya mzizi ilikuwa imekunja kona na kuelekea chini tena, na shina nalo limeinuka kwenda juu. Nilimuuliza harage linajuaje chini ni wapi, akasema nami nikalitafute jibu. Nililipata nikiwa mtu mzima: kwenye ncha ya mzizi mna seli zenye punje za wanga, na punje hizo huzama upande ulio chini. Mmea husoma hapo.

Mwenye nafasi aongeze la mwanga: mche ndani ya boksi lenye tundu upande mmoja. Utapinda kulifuata tundu. Charles Darwin na mwanawe Francis walilichunguza hilo kwa kufunika ncha za miche ya nyasi, wakaona ncha ikifunikwa mche hauugeukii mwanga; walichapisha mwaka 1880. Vifaa vyao vingi mtoto anavipata nyumbani.

#3
Mshumaa kwenye sahani ya maji! Unausimamisha katikati ya sahani, unautia moto, unaufunika kwa glasi. Mshumaa unazimika, maji yanapanda ndani ya glasi. Kaka alituambia moto umekula oksijeni yote, na maji yameingia kuchukua nafasi yake. Hadi leo nikiwaonyesha watoto naona macho yanawatoka.

#4
Ndugu yangu wa #3, jaribio ni zuri sana, ila maelezo hayo naomba tusiwarithishe watoto, na ubaya wake ni kwamba yamo vichwani mwa wengi. Angalia ni *lini* maji yanapanda. Mshumaa ukiwa unawaka hupanda kidogo mno, wakati mwingine unaona hata viputo vikitoka chini ya ukingo wa glasi. Maji hupanda kwa kasi moto ukishafifia na kuzimika. Kama sababu ni oksijeni kuliwa, yangepanda polepole muda wote wa kuwaka.

Kinachotokea ni hiki: moto unaipasha hewa joto, inatanuka, nyingine inatoroka. Moto ukizimika hewa iliyobaki inapoa na kusinyaa, mvuke unageuka maji, na kanieneo ya hewa ya nje inayasukuma maji ya sahani kuingia. Tena, mshumaa huzimika oksijeni ikiwa bado imo ndani, na ile iliyotumika nafasi yake kwa sehemu imechukuliwa na kabonidayoksaidi.

Sisi tulilithibitisha na dada yangu kwa njia rahisi: glasi ile ile, mishumaa miwili, halafu mitatu. Maji yalizidi kupanda kila tulipoongeza mshumaa. Oksijeni ya glasi haikuongezeka, kilichoongezeka ni joto. Mwache mtoto akisie kwanza mishumaa mitatu italeta nini, halafu afanye. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliwafundisha vijana pale Royal Institution, taasisi ya sayansi iliyopo London, kwenye mihadhara ya Krismasi ya 1848 na tena 1860, akitumia mshumaa kama mada nzima. Haujaisha hadi leo.

#5
#4 nimekuelewa, jioni hii narudia na mishumaa mitatu.

#6
Sindano inayoelea. Chuma cha sindano ni kizito karibu mara nane ya maji yenye ujazo ule ule, ilipaswa kuzama. Weka kipande cha tishu juu ya maji, laza sindano juu yake, kisha isukume tishu chini kwa upole kwa kijiti. Tishu inazama, sindano inabaki. Inamisha kichwa usawa wa maji: utaona uso wa maji umebonyea chini ya sindano bila kupasuka. Gusisha tone la sabuni ya maji, inazama mara moja, kwa sababu sabuni inaulegeza mvutano wa uso, yaani ile nguvu inayoufanya uso wa maji ujikaze kama ngozi. Ukiisugua kwanza kwa sumaku, upande mmoja tu bila kurudi nyuma, ikielea itageuka yenyewe kutazama kaskazini na kusini.

Kuhusu kukisia, mleta mada: binti yangu akikosea hununa na kuacha jaribio. Sasa makisio yote, hata yangu, tunaandika kwenye vikaratasi bila majina na kuvichanganya. Ananiambia "hiki cha tatu kimekosea" bila kujali ni cha nani.

#7
Simu ya makopo, uzi ukazwe. Ukilegea au ukigusa ukuta, sauti inakufa. Sisi tulijaribu waya na uzi wa nailoni kulinganisha. Lifanyeni.

#8 (mleta mada)
Nashukuru sana nyote. #6, la vikaratasi nalichukua. Kuna mwenye jaribio la mwanga lisilohusisha moto wala kioo cha kukuzia? Wangu ni wadogo.

#9
Boksi lenye tundu. Chukua boksi la viatu, toboa upande mfupi mmoja kwa ncha ya sindano, upande wa pili kata dirisha na uzibe kwa karatasi nyembamba inayopitisha mwanga. Jifunike kitambaa kizito kichwani pamoja na upande wa karatasi, elekeza tundu dirishani kunapong'aa. Kwenye karatasi utaona dirisha lote, juu chini. Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, hivyo wa juu unatua chini na wa chini unatua juu. Ibn al-Haytham, mwanasayansi wa Kiarabu, alichunguza mambo haya kwa taa na tundu miaka kama elfu moja iliyopita.

Kabla hawajaangalia, waulize tundu likipanuliwa picha itakuwaje. Wengi watasema itakuwa safi zaidi. Lipanue kidogo kwa penseli: picha inang'aa zaidi lakini inakuwa na ukungu. Jambo moja ni la lazima: wasitazame jua kupitia tundu hilo hata kidogo. Anza na sindano nyembamba kuliko zote ulizonazo, maana tundu likishakuwa kubwa itabidi uzibe kwa karatasi ya foili na kutoboa upya.