Mrejesho: ile Luger ya babu yake mke wangu

Wakuu, asanteni. Niliwauliza kama Luger P08, bastola ya jeshi la Ujerumani, aliyoacha babu yake mke wangu hapa Ohio, Marekani, ni halisi, na kama kweli baba yake babu aliitoa Ufaransa mwaka 1918.

Nimeitoa risasi, nikahakikisha chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu, nikakaa nayo dirishani na kioo cha kukuzia. Halisi ni halisi. Herufi DWM, alama ya kiwanda kilichoitengeneza, zimefumana vizuri, na namba ya mtutu inalingana na ya fremu. Vipuri vidogo vina tarakimu mbili za mwisho za namba hiyo hiyo, isipokuwa kibamba cha ubavuni, hicho kimetoka kwenye bastola nyingine. Na kifyatulio ni cheusi. Kiwandani enzi zile kilitoka na rangi ya nyasi kavu, kwa hiyo kuna mtu aliitia rangi upya. Imeniuma, maana thamani hushuka sana hapo.

Lakini kubwa ni hili: juu ya chemba pana 1917, mwaka ilipotengenezwa, na hapo hapo pamegongwa 1920. Muhuri huo wa 1920 ni wa Wajerumani wenyewe, waliugonga baada ya vita kuonyesha silaha ni mali ya serikali. Basi mwaka 1920 bastola ilikuwa bado Ujerumani! Hadithi ya 1918 haiwezekani. Babu mwenyewe alipigana Ujerumani mwaka 1945, nami naamini ndiye aliyeileta.

Mama mkwe nilipomwonyesha alinyamaza kitambo, kisha akaenda kutafuta barua za baba yake.