Jino la juu limeota nyuma ya la chini: nisubiri au nimpeleke mtoto sasa?

Mama wa Wawili, Tanga

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu meno ya wanangu. Binti yangu ana miaka 8, na jino lake moja la mbele la juu limeota nyuma ya la chini, kiasi kwamba akitaka magego yakutane hulazimika kwanza kusogeza taya pembeni. Mdogo wake wa miaka 4 bado hunyonya kidole gumba anapolala, na meno yake ya mbele huacha uwazi hata akiuma, ndiyo maana chapati huikata kwa magego. Mama mkwe ananiambia nisubiri mpaka meno yote ya ukubwani yaote, kwa kuwa baba yao naye alikuwa hivyo. Jirani anashauri binti ang'olewe meno ya utoto ya pembeni ili lile la nyuma lipate nafasi. Sitaki kumwumiza mtoto bure, wala sitaki kuja kujuta.

Tabibu wa Kinywa

Dada, hayo ni matatizo mawili, usiyaamulie kwa pamoja. La binti halifai kusubiriwa. Jino la juu likinaswa nyuma ya la chini, yanasuguana kila anapouma, ganda lake gumu linalika, na fizi ya lile la chini inaweza kushuka hadi mzizi ukaonekana. Tena taya lililozoea kwenda pembeni wakati mtoto anakua linaweza kukua likiwa limepinda. Katika umri huu, kama nafasi ipo, mara nyingi kifaa cha plastiki chenye springi ndogo, cha kuvaa na kuvua, hulisukuma jino mbele kwa miezi michache.

Usikubali kung'oa meno ya utoto kabla daktari hajampima na kumpiga eksirei. Magego ya utoto hukaa hadi miaka 10 au 12 yakiyatunzia nafasi meno yaliyo chini ya fizi, na yakitolewa mapema, gego la ukubwani linaloota kwenye miaka 6 husogea mbele na kuiziba.

Huyo mdogo, msaidie kuacha kidole bila kumchapa wala kumpaka pilipili. Akiacha kabla meno ya mbele ya ukubwani hayajaota, uwazi huo kwa kawaida hujifunga wenyewe.

Mkazi wa Moshi

Langu la namna hiyo liliachwa. Nilifungwa nyaya nikiwa na miaka 27, nikakaa nazo karibu miaka 2. Jino likanyooka, lakini fizi iliyoshuka haikurudi. Mpeleke, dada.

Mama wa Wawili, Tanga

Nimewaelewa, nitampeleka binti wiki hii. Kuhusu mdogo, mchana hujizuia, ila usingizini kidole hurudi chenyewe. Nifanyeje?

Tabibu wa Kinywa

Mvalishe soksi mkononi wakati wa kulala, kwa ridhaa yake, ukimweleza kuwa ni ya kumkumbusha, si adhabu. Asubuhi akiamka nayo, msifu mbele ya dada yake.