Mjadala: Tozo ya nyumba isingetengeneza kwanza ploti (majengo ya kupangisha) tunazokaa?

Mpangaji wa Pipeline
Mwisho wa mwezi, hapa Pipeline, Nairobi, nimepiga hesabu ya tozo ya nyumba za bei nafuu za serikali. Anayelipwa 40,000 anakatwa 600 ya nyumba, mwajiri naye anaongeza 600. Kwa mwaka ni 14,400. Na kwa sheria ya Machi 2024, kukatwa hakukupi nyumba wala pesa hairudi. Ukitaka nyumba unajisajili Boma Yangu, tovuti ya serikali ya nyumba hizo, unaweka akiba kivyako, unangoja.

Sipingi ujenzi. Zile ghorofa za mpango huo kule Mukuru nimeziona, ni safi. Nauliza kuhusu sisi tulio ghorofa ya tano ambako taa ya ngazi huwaka mchana kutwa, jua halifiki. Dirisha langu linatazamana na la jirani; nikinyoosha mkono napokea chumvi. Maji hupanda Jumanne na Ijumaa, siku nyingine mtungi ni shilingi 20 na ngazi ni zako. Mbona sehemu ya hizo pesa isiwe mkopo nafuu kwa wenye ploti: waweke tangi, wabadilishe nyaya, kwa sharti kwamba kodi isipande miaka mitatu? Mnasemaje?

Fundi wa Kayole
Ndugu, mimi nimepata kibarua kwenye mjengo huo huo unaoulalamikia, kwa hiyo usiniambie pesa zimepotea bure. Lakini mkopo kwa landlodi? Atapaka geti rangi, mwezi ujao akuongeze elfu moja. Utampeleka wapi? Sheria ya kudhibiti kodi za makazi inalinda nyumba za hadi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nitajie bedsita, chumba kimoja tu, ya 2,500 hapo Pipeline, nihamie leo.

Mama Kibanda, Umoja
Ninyi mnazungumza nyumba, mimi intaneti inanimaliza. Ploti yetu ina waifai ya kampuni moja tu. Nilileta fundi wa kampuni nyingine, bei nafuu, keateka, mtunza jengo, akamzuia getini: "Mama, mwenye nyumba ameshaelewana na wale." Basi nikarudi kwa bando. Hili halihitaji hata senti ya serikali, ni kuandika tu kwamba anayelipa achague.

Mhasibu, Roysambu
Na hizo bando, mama, zina mzigo wake. Ushuru wa bidhaa kwa simu na intaneti ulipandishwa hadi asilimia 20 mwaka 2021, ukashushwa hadi 15 mwaka 2023. Ukiweka na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 juu yake, bando la shilingi 100 lina kama 25 za ushuru. Halafu tunaambiwa huduma zote ziko mtandaoni!

Mpangaji wa Pipeline
Fundi, hiyo 2,500 imenishika pabaya. Nakubali: kiwango hicho kipandishwe kwanza, mkopo ufuate, la sivyo tutakuwa tunamjengea landlodi kwa mishahara yetu. Ila bado sioni sababu ya kungoja ghorofa mpya ilhali waya wa stima hapa kwetu umeshikiliwa na selotepu. Mama Kibanda, la waifai nakuunga mkono asilimia mia. Huku nako ni hivyo hivyo, na keateka wetu hata haoni haya.

Leo ni Jumanne na maji hayajapanda. Nashuka na mtungi, wengine nitawajibu nikirudi.