MJADALA: Dogo akubali kujitolea bila hata nauli?

Wakuu habari za leo. Nyumbani kwetu hatuongei vizuri tangu Jumatatu na chanzo ni mimi, naomba mnisaidie mawazo. Mdogo wangu kamaliza diploma ya uhasibu, kaitwa ofisi moja hapa Mwanza akaanze kujitolea, saa 2 asubuhi mpaka 11 jioni, Jumamosi nusu siku, posho hakuna nauli hakuna. Nikamwambia aombe barua yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Wakamjibu tutakupigia. Mpaka leo kimya, na mama anasema nimemfungia mtoto riziki.

Mi nasema haya kwa sababu yalinikuta. Nilijitolea miezi 14. Niliambiwa tuanze na miezi 3 halafu tutaona, ikaisha, ikafika 6, kila nikiuliza naambiwa bajeti mpya ikipita wa kwanza ni wewe, na mi naamini kweli, nafunga hesabu za mwisho wa mwezi mpaka saa 3 usiku, nahangaika na ritani ya VAT iingie kabla ya tarehe 20, na nauli ya daladala natumiwa na mama huyu huyu anayeuza dagaa pale Kirumba. Kufika mwezi wa kumi hivi, kila Jumapili jioni tumbo linakata, usingizi hakuna, simu za nyumbani sipokei maana najua swali ni moja tu, vipi wamekuajiri? Nafasi ilipotoka akaletwa mtu kutoka nje na mimi ndo nikapewa kazi ya kumfundisha. Siku hiyo nililia chooni.

Wanaosema dogo akubali wana hoja na siwadharau. Rafiki yangu yuko upande wa rasilimali watu, ananiambia matangazo karibu yote yanataka uzoefu wa miaka 2 au 3, sasa mtoto katoka chuo juzi ataupatia wapi kama hajaingia ofisini? Na bosi kweli anamchukua yule ambaye ameshamwona anavyopiga kazi, binamu yangu alijitolea miezi 4 tu akapewa mkataba. Nakubali yote hayo. Ninachokataa ni kujitolea kusiko na mwisho.

Halafu kuna kitu wengi hatukijui, mi mwenyewe nilikijua nimeshaondoka. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inaangalia kazi yenyewe, haiangalii mmeitana nani. Ukiwa unapangiwa saa na namna ya kufanya kazi, au umemfanyia huyo mtu kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi 3 iliyopita, unahesabiwa ni mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi jamani! Dogo kwa ratiba ile karibu anazimaliza ndani ya wiki moja. Malalamiko yanapelekwa CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, na muda wenyewe mfupi, siku 30 kama umeachishwa kazi, siku 60 kwa madai mengine. Mimi nilishachelewa.

Kwa hiyo anayekwenda kujitolea leo ningemwambia asiende bila karatasi, iandikwe tarehe ya mwisho na nani atamsimamia, na kama mshahara hakuna basi nauli na chakula cha mchana vipatikane. Awe na daftari lake anaandika kila wiki kafanya nini, hayo ndo yataingia kwenye CV, maana "nilijitolea" peke yake haimwambii mtu kitu. Na asiache kutuma maombi kwingine, akaunti yake ya Ajira Portal, ule mfumo wa mtandaoni wa kuomba kazi za serikali, iwe tayari, vyeti viwe vimethibitishwa na wakili mapema, wengi wanaanza kumtafuta wakili siku ya mwisho ya tangazo. Akiona usingizi unakata na anakwepa ndugu, amwambie mtu mapema. Mi nilinyamaza karibu miezi minne.

Sasa usiku huu dogo kanitumia meseji, anauliza kesho awapigie awaambie ataanza tu hata bila barua. Nimeandika jibu nikafuta, nikaandika tena nikafuta. Nyie mngemwambiaje? Na mlio upande wa kuajiri naomba mnijibu kwa uwazi, barua ya ukurasa mmoja ina ugumu gani?